Somo Lililokataa Kuhama

Pale mtaani, ukitaka jambo lako lisambae, hukuhangaika kubandika tangazo. Ulimwambia Mama Redio, kisha ukamwomba sana asimwambie mtu. Kabla maji ya kuoshea nywele hayajapoa, habari ilikuwa imefika kwa fundi viatu, imezunguka duka la dawa, na imerudi mlangoni kwako ikiwa imenenepa.

Mama Redio alikuwa msusi. Saluni yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yake mwenyewe: viti vya plastiki, kioo kirefu chenye ufa pembeni, kikaushio cha nywele kilichonguruma kama trekta, na benchi ya watu ambao hawakuja kusukwa bali kusikia. Mumewe, fundi wa kuchomelea vyuma, alikuwa mtu wa maneno machache. Akiulizwa kwa nini, alijibu kwamba aliacha kuongea mwaka wa kwanza wa ndoa kwa kukosa nafasi.

Binti yao walimwita Hakimu, maana tangu alipojua kusema kazi yake ilikuwa kuhukumu: chai hii nyepesi, mgeni yule mwongo, gauni lile halimkai. Na Hakimu huyu, maskini, alikulia mbele ya benchi ile. Benchi ilijua meno yake yalitoka lini na kwa homa gani. Ilijua kwamba alikojoa kitandani mpaka darasa la tatu. Ilijua kwamba aliwahi kumwandikia mtoto wa mwenye duka la dawa barua ya mapenzi, na barua ikarudi ikiwa imesahihishwa kwa kalamu nyekundu. Akipita sebuleni, wateja walimwangalia kwa huruma ya watu wanaojua mengi.

Alipopata nafasi katika chuo kimoja upande wa pili wa mji, kusomea stashahada ya biashara, hakufurahia biashara. Alifurahia wageni. Kwa mara ya kwanza maishani angekaa kwenye chumba kilichojaa watu, na asiwepo hata mmoja mwenye habari za lile godoro.

Hapo ndipo mama yake alipotoa kitana mdomoni na kutangaza, "Na mimi narudi shule."

Benchi nzima iligeuza shingo. Hata kikaushio kilikuwa kama kimepunguza sauti.

"Shule ipi tena, shoga?" aliuliza fundi cherehani, jirani na rafiki yake wa tangu ujana, aliyekuwa amekalia kiti cha kusukwa huku nusu ya kichwa ikiwa bado imesimama.

"Hiyo hiyo ya mwanangu. Si unakumbuka mimi na wewe tulisoma biashara mwaka mzima kwenye kile chuo cha zamani? Tukafanya mitihani, tukafaulu. Nikaacha kwa ajili ya huyu hapa." Akamwonyesha Hakimu kwa kitana. "Alinitapisha mpaka nikawa natapika nikiona ubao. Sasa yeye anaenda, mimi nibaki nafanya nini? Nataka nimalize nilichokianza. Nikipata cheti nifungue saluni ya kweli, yenye mlango wake, siyo hii ambayo mteja akienda msalani lazima amruke mume wangu amelala."

"Mama," Hakimu alisema. "Maana yake utakaa darasa moja na mimi?"

"Nitakukalia ubavuni kabisa, mwanangu! Tutasaidiana."

Siku hiyo Hakimu hakula. Kesho yake alifika chuoni kabla ya mfagiaji, akauliza kama kuna njia yoyote halali ya mtu kumwepuka mama yake mzazi. Mlinzi akamwelekeza kwa Bibi Mizani.

Bibi Mizani ndilo jina alilopewa na wanafunzi, na lilimkaa. Kazi yake ilikuwa kupima masomo ambayo watu walisoma vyuo vingine, aone kama yanaweza kuhamia pale. Alikuwa mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni. Juu ya meza yake kulikuwa na kalamu ya kijani na kalamu nyekundu, zimelazwa sambamba kama kisu na uma.

"Kila somo linapimwa peke yake, binti," alisema. "Nauliza mambo matatu. Chuo alichosoma mama yako kilisajiliwa? Alifaulu vizuri? Na mada walizofundishwa kule zinalingana na zetu angalau robo tatu? Zikilingana, somo linahama, halirudii tena. Masomo yote sita ya mwaka wa kwanza yakihama, anaingia mwaka wa pili moja kwa moja. Likikataa moja, hilo atalisoma pamoja na mwaka wa kwanza."

"Na mwaka wa pili wanasomea wapi?"

"Ghorofa ya juu."

Ghorofa ya juu! Hakimu alitamani kuipiga busu ile miwani. Zege zima lingekuwa katikati yao.

Toka hapo hakuna mzazi aliyewahi kusukumwa kwenye elimu kama Mama Redio. Hakimu alimfuatia nakala ya matokeo kwenye ofisi ya mitihani ya serikali, akapanga foleni mpaka miguu ikavimba, akarudi nayo: masomo sita, yote amefaulu. Bado mihtasari. Bibi Mizani alitaka kwa kila somo karatasi inayoonyesha mada zilizofundishwa. Chini ya sanduku la rola za nywele wakaikuta mitano, inanukia mafuta ya nazi lakini inasomeka. Wa sita, wa somo la Huduma kwa Wateja, haukuonekana.

"Nani alichukua muhtasari wangu wa Huduma kwa Wateja?" Mama Redio aliuliza benchi nzima, kana kwamba aliuliza habari za jana.

Fundi cherehani akakohoa. "Shoga, ile karatasi ngumu ngumu? Si ulinipa mwenyewe? Niliikata nikaitia ndani ya kola ya shati la bwana harusi wako, isimame."

Fundi wa kuchomelea, aliyekuwa akipita na ndoo, alisimama akajishika shingo. "Ndiyo maana ilikuwa inanikwaruza," alisema, akaendelea na safari. Kwa juma lile hayo yalimtosha.

Chuo chenyewe cha zamani kilishafungwa, na jengo lake sasa liliuza magodoro. Hakimu aliposimama mbele ya yale magodoro yote aliona kama kuna mtu mbinguni anamcheka. Lakini Bibi Mizani alikuwa na njia: kama mwalimu aliyefundisha bado yupo, aandike mada upya na kutia saini. Mwalimu alikuwepo. Tatizo ni kwamba alikuwa amezeeka, na kumbukumbu yake ilihitaji kusukumwa. Hakimu akaamua kuisukuma kwa kuwakusanya waliosoma naye.

Kosa lake la kwanza lilikuwa kufanyia mkutano ule saluni.

Waliosoma kweli walikuwa watatu: Mama Redio, fundi cherehani, na Bwana Chaja, muuza simu wa pale njiani. Waliochangia walikuwa chumba kizima.

"Haya, mada ya kwanza ilikuwa nini?" Hakimu aliuliza, kalamu mkononi.

"Mwalimu alivaa suruali ya kaki," alisema fundi cherehani. "Imepasuka hapa. Niliiangalia muhula mzima, nilitamani niombe sindano."

"Hiyo siyo mada, mama mdogo."

"Kumkaribisha mteja," alisema Bwana Chaja. "Hiyo naikumbuka. Umkaribishe kwa tabasamu."

"Wewe?" Benchi ikaangua kicheko. "Wewe Chaja, juzi si ulimwambia mzee wa watu kama hanunui asikuzibie upepo?"

"Nilimwambia nikitabasamu."

"Andika na kusimamia mikopo," akadakia mama mmoja aliyekuja kutoa rasta.

"Shangazi, wewe ulisoma chuo kile?"

"Sikusoma, lakini ni jambo muhimu. Wataliachaje?"

Jua lilipoanza kuondoka dirishani, Hakimu alikuwa amepata ukurasa mmoja wa mada za kawaida: kumpokea mteja, kupokea simu, kusikiliza malalamiko, kuandika taarifa ya mteja, na nyingine za namna hiyo. Akaukunja vizuri, akaenda nao kwa mwalimu.

Mwalimu huyu wanafunzi wake walimwita Kwa Hiyo, kwa sababu hakuwahi kuanza sentensi kwa neno lingine. Alikuwa amestaafu, anashinda kwenye duka la vifaa vya ujenzi la mdogo wake, amekaa juu ya mifuko ya saruji kama mfalme aliyepinduliwa. Aliusoma ukurasa, akaurudia, kisha akavua kofia.

"Kwa hiyo bado mnanikumbuka."

"Sana, mwalimu. Hata suruali."

"Kwa hiyo niachie hii, kuna mambo yamesahauliwa."

Hakimu aliporudi alikabidhiwa kitabu. Mzee alikuwa ameandika usiku na mchana kila alichotamani kufundisha maisha yake yote na hakupata nafasi. Saikolojia ya mteja aliyekasirika. Mikakati ya kampuni katika soko la ushindani. Utafiti wa tabia za walaji. Usuluhishi wa migogoro ya mipakani. Kumkaribisha mteja na kupokea simu alivifuta kabisa. Pembeni ameandika: "ya kitoto haya." Chini, saini ndefu yenye mkia.

Na hapa ndipo Hakimu, aliyehukumu kila kitu tangu utotoni, alipotoa hukumu mbovu kuliko zote. Aliupima mkononi mzigo ule wa karatasi, akajiambia: kizito hakikataliwi. Akaupeleka chuoni akiimba.

Waliitwa ofisini mama na mwana. Mama Redio alivaa gauni lake la harusi za watu, akaketi, akauliza hali ya watoto wa Bibi Mizani, akasifia miwani, na kabla kiti hakijapata moto alishajua kwamba mkuu wa idara na mhasibu hawaongei tangu sherehe ya kufunga mwaka. Hakimu alimkanyaga mguu.

"Masomo yako matano yamehama bila shida," alisema Bibi Mizani. "Hongera. Hili la sita ndilo limenikosesha usingizi." Akageuza karatasi wakaona. Kushoto mada za chuo, kulia mada za Mwalimu Kwa Hiyo, katikati msitu wa alama nyekundu. "Nimelilinganisha na somo letu la mwaka wa kwanza, halifanani hata kidogo. Nikalilinganisha na la mwaka wa tatu, likalingana karibu lote. Nimefanya kazi hii miaka mingi, sijaona chuo kinachofundisha mwaka wa tatu kabla ya wa kwanza. Mama, mlisoma haya kweli?"

Hakimu alimwangalia mama yake. Macho yake yalisema: mama, kwa yale maziwa niliyonyonya, sema jambo fupi.

Mama Redio akaziangalia zile mada. Mtu mwingine angeweza kusema ndiyo. Mtu mwingine angeweza hata kunyamaza. Lakini pale mbele yake kulikuwa na kisa kizuri kuliko vyote vya mwaka ule, na msikilizaji ambaye hajakisikia.

"Migogoro ya mipakani?" alisema, akavuta kiti. "Dada yangu, ngoja nikusimulie."

Akasimulia. Alianza na suruali ya kaki, akapita kwenye kola ya bwana harusi, akafika kwa mzee juu ya saruji. Bibi Mizani alijaribu kukaza uso, ukamshinda. Akachukua kalamu ya kijani, akafungua karatasi nyeupe.

"Haya, tuache ya mzee. Nakuuliza mada za somo letu, na uniambie mlichofundishwa. Kumpokea mteja?"

"Hiyo tulisoma, na tukaigiza. Mimi nilikuwa mteja mkorofi. Nilipata alama ya juu."

Kijani.

"Kupokea simu?"

"Tulisoma. Simu yenyewe chuo hakikuwa nayo, tukapokelea viatu. Unavua, unaweka sikioni: halo, nikusaidie nini? Kiatu cha Chaja hakuna aliyekubali kukiazima."

Bibi Mizani alivua miwani akafuta macho. Kijani.

"Kushughulikia malalamiko?"

"Siku hiyo mwalimu alikuwa na msiba."

"Kuandika taarifa ya mteja?"

"Alisema tutasoma juma lijalo. Nalisubiri hilo juma hadi leo."

"Kupanga huduma baada ya mauzo?"

"Siku hiyo mimi mwenyewe sikwenda." Akamwonyesha Hakimu. "Kutapika."

Walipomaliza, Bibi Mizani alikuwa ameegemea meza, mabega yanatikisika. Katibu wake alikuwa amekuja kusimama mlangoni na kikombe, na nyuma ya katibu mhasibu. Hakimu alianza kupata tumaini. Mtu aliyecheka kiasi hiki, alijiambia, hawezi kumnyima mtu kitu.

Bibi Mizani akavaa miwani, akahesabu alama za kijani kwa ncha ya kalamu.

"Nimecheka, mama. Nyumbani nitamsimulia mume wangu, naye atacheka. Lakini nusu ni nusu. Tunataka robo tatu. Utaingia mwaka wa pili na masomo yako matano. Hili moja utalisoma na mwaka wa kwanza, Jumatatu asubuhi, chumba cha chini."

"Hamna neno, dada yangu. Haki ni haki." Na Mama Redio akampa mkono kwa moyo mweupe, akaahidi kumsuka bure.

Njiani Hakimu alitembea mbele, hatua ndefu, mkoba unampiga kiunoni.

"Ulitaka nidanganye?" mama alimuuliza kutoka nyuma.

"Nilitaka unyamaze, mama! Kunyamaza tu!"

"Kunyamaza." Mama Redio alilitafakari neno lile kama mtu aliyeonyeshwa kiatu kisicho saizi yake. "Kwani una nini na mimi, mwanangu? Nanuka?"

Hakimu akasimama. Hakutaka kulia katikati ya barabara, mbele ya muuza ndizi anayemjua mama yake, na kwa kuwa wauza ndizi wote walimjua mama yake, hakukuwa na mahali pa kulia. "Mama, kila mtu anayenijua alianza kunijua kupitia kwako. Nilitaka pawe na chumba kimoja tu. Kimoja, ambacho nikiingia wasijue lolote, mpaka mimi mwenyewe niwaambie."

Walitembea mpaka kwenye kona ya duka la dawa, na Mama Redio hakumsalimia mwenye duka. Mwenye duka akatoka nje kuangalia kama kuna mgonjwa.

"Basi sikiliza," alisema hatimaye. "Ndani ya chumba kile mimi na wewe hatujuani. Naapa kwa kitana changu. Sikujui, hunijui, sijazaa."

"Utaweza?"

"Nimeapa kwa kitana, Hakimu."

Jumatatu ikafika. Hakimu alikaa mstari wa mbele, amesukwa upya, roho juu. Chumba kilijaa vijana. Mama Redio aliingia na mkoba wake mkubwa, akapita karibu na binti yake kama anayepita nguzo ya umeme, akaenda kukaa nyuma kabisa. Mhadhiri, kijana mchangamfu mwenye shati lililopigwa pasi mpaka likang'aa, akataka kila mmoja ajitambulishe na kusema jambo moja juu ya maisha yake.

Zamu ilipofika nyuma, Hakimu alifumba macho.

"Mimi ni msusi," ilisema ile sauti anayoijua. Ikameza mate. Kulikuwa na mapigano ndani ya koo lile, yalisikika. "Nina familia. Sina la kusema juu yake."

Darasa likacheka. Mama Redio akakaa chini, jasho linamtoka kama aliyebeba gunia.

"Leo tunaanza na kupokea simu," alisema mhadhiri. "Kila mtu atafute mwenzake. Mmoja mteja, mmoja mhudumu."

Viti vikaburutwa. Vijana wakakamatana, marafiki wa jana na juzi. Msichana wa jirani, mwenye heleni kubwa, akamgusa Hakimu bega. "Tuwe wote?" Ndiye rafiki aliyemwota tangu siku ile alipopata nafasi.

Hakimu akageuka nyuma. Mama yake alikuwa peke yake. Wote waliokuwa jirani naye walishapata wenzao, na hakuna aliyemchagua mama wa makamo mwenye mkoba. Mwanamke ambaye sebule yake haijawahi kuwa na kiti kitupu alikuwa amezungukwa na viti vitupu. Hakupunga mkono. Hakuita. Alijifanya anatafuta kitu mkobani, akitafuta, akitafuta, midomo ameikaza kama mfuko uliofungwa kamba, akishika kiapo chake.

"Samahani," Hakimu alimwambia yule wa heleni. "Nina mtu."

Akaenda nyuma, akakaa kiti kinachotazamana na mama yake. Mama Redio akainua macho, akaangalia kulia, akaangalia kushoto, kisha akaangalia dari.

Hakimu akainama, akavua kiatu, akakiweka sikioni.

"Halo," alisema.

Darasa likaanza kugeuka, mmoja baada ya mwingine. Mama Redio alisita. Halafu, taratibu, akavua cha kwake.

"Halo, nikusaidie nini?"

"Naomba kuongea na mama yangu."

"Samahani, dada," ilijibu sauti ya huduma kwa wateja, imenyooka, ya heshima. "Nadhani umekosea namba."

"Sijakosea, mama. Ni hii hii."

"Kumbe ni mama yake?" mtu alinong'ona. Yule wa heleni alishavuta kiti chake akaja karibu, na wengine nyuma yake, kama wanavyofanya watu popote pale Mama Redio alipo.

Mama akakiinamia kiatu, akashusha sauti. "Kile kiapo kimeisha?"

Hakimu akaziangalia zile sura ngeni, zile sura ambazo hazikujua chochote. Akavuta pumzi ndefu, kama mtu anayeaga.

"Kimeisha, mama."

Mama Redio akavaa kiatu, akajiweka sawa kitini, akawageukia vijana kwa uso uliong'aa.

"Sogeeni, wanangu, sogeeni," alisema. "Mnamwona huyu? Huyu mpaka darasa la tatu..."